Nimeitwa kuwa mhariri kamili, nasita. Hivi utamu wa kazi ya mhariri msaidizi wa TV uko wapi hasa?

#1 Mtoto wa Buzuruga

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka sita kwenye chumba cha kuediti hapa Dar, tamthilia na vipindi vya maisha ya watu. Cheo changu ni mhariri msaidizi. Kwa wasioijua kazi: picha zikitoka lokesheni mimi ndiye ninayezipokea. Napakua kadi, nahakikisha kuna nakala mbili sehemu mbili tofauti kabla mtu hajaifuta, naoanisha sauti ya kinasa na picha, natengeneza faili nyepesi za kufanyia kazi, kila shoti naipa jina na kuipanga kwa sini yake. Mhariri anaingia saa nne asubuhi na kahawa mkononi, anakuta meza imeshaandaliwa, anaanza kukata. Akimaliza mzigo unarudi kwangu: faili la mtu wa sauti, faili la mtu wa rangi, maandishi ya chini, halafu nakaa naangalia kipindi chote kabla hakijaenda hewani.

Wiki iliyopita bosi kaniita. Kiti cha mhariri kiko wazi kuanzia mwezi ujao, jibu anataka Jumatatu. Mshahara unapanda. Mke wangu kafurahi mpaka kanunua kuku. Mimi nimekaa natazama ukuta.

Kinachonishika ni hiki. Mhariri msaidizi ndiye mtu pekee anayeona kila kitu. Mhariri anaona anachokihitaji, mwongozaji anaona alichokitaka, mtazamaji anaona dakika ishirini na nne. Mimi naona saa tisa zote zilizorekodiwa. Nikikubali cheo, zile saa tisa ataziona mtu mwingine.

Mnicheke, lakini waliopita huko naomba waniambie: utamu wa hii kazi uko wapi hasa?

#2 Chipsi Zege

Mke kanunua kuku, wewe unatazama ukuta. Kula kuku kwanza, ukuta haupoi.

#3 nyumba_kumi

Sijaelewa. Mhariri msaidizi si namba mbili kwenye chumba cha habari? Mjomba wangu alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti, alikuwa na dereva.

#4 Fundi Fremu

@nyumba_kumi hiyo ni gazetini. Kule mhariri msaidizi anamkatalia mwandishi habari yake. Kwenye TV mhariri msaidizi anakatazwa na kameramani kugusa kamera.

Mleta mada, mimi nilikaa huko miaka minne kabla sijawa mhariri, na jibu langu ni fupi: ni shule, tena unalipwa kusoma. Nilikuwa na mchezo wangu. Kila jioni nikipanga teki za sini moja, yaani kila mara ilipopigwa upya, naandika kwenye daftari teki ninayodhani mhariri ataichukua. Asubuhi nafungua taimulaini yake, pale anapopanga shoti alizokata, nalinganisha. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nakosa karibu zote. Mimi nachagua teki aliyosema maneno bila kukwama, yeye anachukua ile mwigizaji alipojikwaa kwenye neno, akameza mate, akaendelea. Sikumuuliza kwa nini. Niliendelea kukosa mpaka siku moja nikaanza kupata.

Hakuna chuo kitakachokukalisha nyuma ya mtu anayejua kazi, miaka minne, uone anachokitupa. Mimi nilisoma kwenye pipa lake la taka.

#5 BintiWaNgamiani

Fundi kasema shule, sawa. Lakini shule hainifanyi nidandie daladala saa kumi na moja alfajiri kutoka Mbagala. Mimi nafuata mikia.

Mwongozaji akisema "kata" kamera haizimwi papo hapo. Inaendelea sekunde tano, kumi, mara nyingine dakika nzima. Humo ndimo watu walimo. Kuna dada anacheza mama mkwe katili kwenye tamthilia yetu, mitandaoni anatukanwa kila wiki. Baada ya kila "kata" anamgeukia yule binti aliyekuwa akimfokea, anamfunga kanga vizuri, anamuuliza kama amekula. Kila teki! Mhariri haoni hayo, anaanzia pale penye alama yangu na kuishia pale penye alama yangu.

Siku moja nikakutana naye Kariakoo, mtaa wa Kongo. Nikamkumbatia kama dada yangu wa tumbo moja. Mwenzangu hanijui wala hajawahi kuniona. Akaukumbatia mkoba wake.

#6 Chai_ya_Rangi

Samahani wakuu, kwa kuwa mafundi mko hapa. Nina mahojiano ya dakika arobaini, nimerekodi kwa simu na sauti kwa kinasa pembeni. Mwanzo midomo na sauti viko sawa kabisa, nikifika dakika ya ishirini sauti imeshaiacha midomo. Nikisogeza nyuma inakaa, mbele inaharibika. Siku ya tatu hii. Msaada tafadhali.

#7 Chipsi Zege

Mkuu fungua uzi wako, hapa tunajadili kuku.

#8 Mzee wa Betakamu

Vijana salaam.

Televisheni ilipoingia nchini mwaka 1994, na ITV na DTV na CTN, mimi nilikuwa kijana wa kubeba mikanda. Nyinyi mnasema kadi, sisi tulikuwa na mikanda ya Betacam SP. Mkanda mdogo wa kamera dakika thelathini, mkubwa wa studio dakika tisini. Msaidizi alikuwa na kazi moja ambayo mkiisikia mtalia: kupiga weusi. Mkanda mpya lazima kwanza uurekodi weusi mtupu mwanzo hadi mwisho, ili uwe na taimukodi, yaani namba ya saa ya kila picha, isiyokatika, ndipo uweze kupachika picha katikati yake. Mkanda wa saa moja unapigwa weusi kwa saa moja. Hakuna njia ya mkato. Unakaa unatazama giza.

Unaniuliza utamu? Katika lile giza ndimo nilimoisikiliza mashine nikaijua. Kichwa cha mashine kinachosoma mkanda kikianza kushika vumbi nilikuwa nasikia kabla picha haijachafuka. Nasimamisha, nasafisha kwa spiriti, naendelea. Mhariri alikuwa ananiita Daktari.

#9 Kikwajuni

Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye "nchini" turekebishane. TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilikuwa hewani Unguja katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, tena ya rangi. Nyinyi wa bara mlikuja miaka ishirini baadaye, tukawapokea kwa mikono miwili.

#10 Mzee wa Betakamu

@Kikwajuni marahaba. Umenishika. Niseme ilipoingia bara.

#11 Chipsi Zege

Na siku hizo za rangi nani alikuwa anapiga weusi?

#12 Kasuku wa Kilimani

Niaje wakubwa. Mkishamaliza kugombania nani alitangulia, Kenya televisheni ya serikali ilianza 1962, kabla hata ya bendera. KTN ya 1990 ni ya kwanza ya kibinafsi, watu huchanganya.

Mimi niko habari, si tamthilia, na kwetu utamu ni tofauti kabisa na huo wa Buzuruga. Hakuna kuona saa tisa. Kuna taarifa ya saa moja jioni ya Kiswahili, halafu saa tatu ya Kiingereza. Picha ni zile zile. Kadi inaletwa na boda saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwandishi yuko kwa jam Waiyaki Way anasoma maneno yake kwa simu. Unapakua huku ukitazama huku ukiitia "dakika ya tatu kuna mama anashika mlango, hiyo ndiyo picha!" Mhariri anaichukua bila kukuangalia. Saa moja na dakika nne inapita hewani mbele ya macho yako.

Unajua wahariri wa saa tatu wana masaa mawili zaidi, watairembesha. Lakini ile yetu ndiyo nchi iliiona kwanza. Hiyo hisia, buda, siwezi kukueleza. Ni kama kushuka matatu ikiwa bado inatembea na usianguke.

#13 Rendaringi

Nimesoma mpaka hapa nikasubiri mtu ataje hela, wapi.

Nilikuwa msaidizi wa chombo kimoja sitakitaja. Mshahara ulikuwa unafika tarehe arobaini na tano. Jina langu kwenye orodha ya mwisho lilikuwa linapita kwa mwendo ambao hata mama yangu aliyekuwa amejiandaa na simu ya kupiga picha hakuliwahi. Mara tatu! Mara ya nne tangazo la sabuni likaingia juu yake.

Huo utamu mnaousema ni ule ambao mtu maskini anajitengenezea ili alale. Ningekuwa nalipwa vizuri nisingehitaji kuupenda mkia wa shoti.

#14 BintiWaNgamiani

@Rendaringi hapo kwenye mama na simu nimecheka halafu nikanyamaza. Wangu pia.

#15 Fundi Fremu

@Chai_ya_Rangi, nakujibu kabla hujatupa kompyuta. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Umeiwekea fremu (picha moja moja) 25 au 30 kwa sekunde, yenyewe inapanda na kushuka kufuatana na mwanga na joto la simu. Kinasa chako kinahesabu sawasawa, simu haihesabu sawasawa, na programu ya kuediti inadhani simu inahesabu sawasawa. Ipitishe kwanza video yako kwenye programu ya HandBrake, pale kwenye mwendo wa fremu chagua usiobadilika, weka 25. Halafu ingiza upya. Angalia na kinasa kama kiliwekwa sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, si 44,100.

Na usisogeze sogeze kitu katikati. Ukiona unasogeza mara ya tatu jua tatizo liko mwanzo.

#16 nyumba_kumi

Mimi si wa fani, nisameheni, lakini nimemsoma mleta mada mara mbili na naona kitu hamkisemi. Anasema anapenda kuona kila kitu. Mimi nasikia anapenda kuona bila kuulizwa. Mhariri akichagua vibaya lawama ni yake. Msaidizi anabaki na daftari lake na teki zake moyoni, hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kuamua. Mjomba wangu wa gazeti alikuwa anasema cheo kizuri ni kile kinachojua siri na hakisaini.

#17 Mtoto wa Buzuruga

@nyumba_kumi kwa mtu asiye wa fani umenipiga pabaya. Nimekaa na hiyo posti dakika kumi.

Labda. Ila nikupe kisa kimoja uniambie kama hapo sikuamua.

Tulikuwa na kipindi cha watu waliofanya kazi mashamba ya mkonge. Wenzangu wakaenda Pangani kumhoji bibi mmoja. Mahojiano dakika hamsini, anajibu kama yuko mbele ya karani: ndiyo, hapana, tulikata, tulipanga, tulilipwa. Katikati akaingia mbuzi akaanza kutafuna mkanda wa begi la kameramani. Kicheko, kelele, wakasimamisha. Wakaona basi, wamepata walichopata, wakaanza kufunga vifaa. Kamera ikasahauliwa ikiwa imesimama inarekodi, na maiki ndogo bado iko kwenye kanga ya bibi.

Kwenye karatasi ya lokesheni kadi hiyo imeandikwa "mbuzi, haifai". Mhariri asingeifungua, hana muda huo. Mimi nafungua kila kitu. Dakika ya kumi na moja, watu wote wameshatoka kwenye picha, bibi anamwambia mjukuu wake, wala hapandishi sauti: mshahara wangu wa kwanza wa mkonge nilinunua bakuli, viatu nikasema vitakuja. Ndilo hili walilonywea uji wageni. Anaoneshea kidole. Na kweli lipo pale chini, la bati, miguuni mwa kiti, na unasikia sauti ya mtu wetu anaaga nje.

Niliikata vipande viwili nikaiweka juu kabisa ya bini, folda ya shoti za mhariri, nikaipa jina BAKULI. Sikusema kitu. Mhariri alipokuja akakaa, akaiangalia, akanyamaza, akaenda kuchukua kahawa nyingine. Kipindi kilianza na bakuli.

#18 Chipsi Zege

Hii ni chai. Kamera gani inasahauliwa dakika kumi na moja na betri za siku hizi?

#19 Fundi Fremu

@Chipsi Zege si chai, hutokea sana. Mimi nimewahi kupokea dakika thelathini za ndani ya buti la gari. Nilisikia siri za prodyuza zote.

#20 BintiWaNgamiani

Kisa kizuri, ila nina swali na usilikwepe. Bibi alijua anarekodiwa? Alikuwa anaongea na mjukuu wake, hakuwa anaongea na nchi.

#21 Mtoto wa Buzuruga

@BintiWaNgamiani hujakosea kuuliza, na mhariri naye aliuliza hilo hilo kabla hajamaliza kikombe. Prodyuza akapiga simu kwa mjukuu, akamsomea bibi maneno yake mwenyewe. Bibi akacheka, akasema kumbe mlikuwa mnasikiliza, basi wekeni. Angekataa ingetoka. Nilikuwa nimeshajiandaa itoke, na nakiri nilikuwa nimeanza kuomboleza.

#22 Mama Ungo

Hamjambo wanangu. Mimi sijui TV, napika shughuli. Uzi huu kanionesha binti yangu.

Kwenye pilau la watu mia tatu kuna mpishi na kuna mchambua mchele. Mpishi anaitwa ukumbini anapewa mkono. Mchambua mchele anatajwa siku ile tu jiwe limevunja jino la mjomba wa bwana harusi. Lakini ungo ukiwa mapajani unajua mengi. Unajua mchele ni wa Kyela kweli au umechanganywa na mwingine. Unajua mwenye shughuli ana hela au amekopa. Mpishi akija anauona mweupe tu.

Nimechambua miaka saba, napika huu mwaka wa kumi na tano. Na mpaka leo mchele wangu nachambua mwenyewe, watu wananicheka. Kwani ukipanda cheo nani kakwambia uuache ungo?

#23 Chipsi Zege

Mama Ungo kamaliza kazi. Shughuli ijayo ni lini na wapi, sisi tulete vyombo.

#24 Fundi Fremu

Mama heshima yako, ila kwetu kuna saa. Mimi nilipopanda niliapa hivyo hivyo, nitaangalia kila kitu mwenyewe. Nilidumu wiki mbili. Kamera moja ya kawaida kwa megabiti 50 kwa sekunde ni GB 22 na nusu kwa saa. Kamera tatu, siku sita. Ukiangalia zote hukati. Ukikata huangalii. Ndiyo maana kazi ziligawanywa.

#25 Theluji ya Toronto

Nawasalimu kutoka baridini. Nimefanya usaidizi huku miaka minane, vipindi vya TV, na niwaambie tofauti mbili.

Kwanza, huku na Marekani hii ni taaluma inayosimama yenyewe. Marekani wasaidizi wamo ndani ya chama cha wahariri, Local 700 cha IATSE, muungano wa wafanyakazi wa filamu na maigizo, wana kima chao cha chini na saa za ziada zinahesabiwa. Kuna wazee wa miaka hamsini ni wasaidizi, hawataki kukata, na hakuna anayewauliza lini utakua. @Rendaringi, mtu akilipwa bado anaupenda mkia wa shoti, nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo nadharia yako ya maskini ina tundu.

Pili, utamu wangu mimi ni hesabu. Nyumbani tunatumia fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu wa hezi 50 ndio uliotuwekea hivyo tangu zamani. Huku ni 29.97. Hiyo pointi inaleta balaa: ukihesabu kama ni 30 kamili, saa moja ya taimukodi inakuwa imekosea kwa sekunde 3.6, yaani fremu 108. Kipindi kinachotakiwa kiwe na urefu kamili kinarudishwa. Msaidizi ndiye anayejua, kwenye faili lipi, hesabu ipi. Siku ya kukabidhi kipindi chumba kizima kinakuangalia wewe, pamoja na watu wenye majumba.

#26 Kikwajuni

Kwa hiyo wanadondosha fremu 108 kila saa ili hesabu ikae sawa? Watu wanakosa picha?

#27 Theluji ya Toronto

@Kikwajuni hapana sheikh wangu, hakuna picha inayodondoshwa, zinarukwa namba tu. Kila mwanzo wa dakika namba mbili zinarukwa, isipokuwa dakika ya kumi, ishirini, thelathini na kuendelea. Ni kama ghorofa isiyo na namba 13. Ghorofa ipo, namba haipo.

#28 Kikwajuni

Hapo nimekufahamu. Nilishaanza kuwaonea huruma.

#29 Chai_ya_Rangi

WAKUU IMEKAA!!!

Nimefanya kama alivyosema Fundi Fremu. Nimeweka 25, nimeingiza upya, nimelinganisha kwa kofi nililopiga mwanzo wa kurekodi. Nikaruka moja kwa moja dakika ya thelathini na nane, moyo unadunda. Neno "mwanangu", mdomo "mwanangu". Nimemwita mdogo wangu aje aone, kaangalia, kaniambia "si mtu anaongea tu?" Hajaona kitu chochote!

#30 Fundi Fremu

Basi umefaulu.

#31 Kasuku wa Kilimani

Mdogo wako ndiye mtazamaji wa taifa.

#32 Rendaringi

@Theluji nakubali tundu, dogo. Lakini niwaulize nyote mnaojisifia kuangalia saa tisa: hiyo kazi si mashine inakuja kuichukua? Tayari programu zinasikiliza mahojiano zinaandika maneno zenyewe, unatafuta neno unaruka palipo. Mwenye shida na binadamu wa kufungua kadi ya mbuzi ni nani?

#33 Mtoto wa Buzuruga

Tumeijaribu kwenye kipindi hicho hicho. Kila bibi aliposema mkonge iliandika mkongwe. Ukisoma unadhani kuna mzee mmoja aliyekatwakatwa Tanga nzima, akakaushwa juani, akasafirishwa nje ya nchi.

#34 Kasuku wa Kilimani

Ijaribu na Sheng uone ikizimia.

#35 BintiWaNgamiani

Hata ikijua Kiswahili cha Pangani vizuri, ile dada kumfunga mwenzake kanga hakuna neno lililosemwa hapo. Utatafuta nini?

Ila sitabisha sana. Mwaka jana nilisema hivyo hivyo kuhusu kitu kingine, nikala maneno yangu.

#36 Mzee wa Betakamu

Mwanangu wa Buzuruga, nirudi kwako maana Jumatatu haiko mbali.

Mimi niliitwa kama wewe, nikakataa. Nilijiambia naipenda mashine, naipenda mikanda, sitaki kugombana na waongozaji. Wakampandisha kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusafisha kichwa kwa spiriti. Miaka kumi na moja ananiagiza. Kijana mzuri, ana adabu, mpaka leo ananipigia sikukuu.

Sijutii. Tuseme Ijumaa mpaka Jumapili sijutii.

#37 Chipsi Zege

😂😂 Na Jumatatu mpaka Alhamisi mzee?

#38 Mzee wa Betakamu

Hizo ni siku za kazi.

#39 nyumba_kumi

Mleta mada, umeamua nini? Maana umeanzisha uzi, sasa tumejua umeme wa Canada, mchele wa Kyela na siri za buti la gari, wewe bado.

#40 Mtoto wa Buzuruga

Sijaamua. Jana nilimwambia bosi nina sharti: nikikubali, nipewe nimchague msaidizi mwenyewe. Akasema sawa, unamtaka nani. Nikakuta sina jina. Kila niliyemfikiria naona ataiacha kadi ya mbuzi.

Mke kasema hilo ni jibu tosha, ila hasemi jibu lipi. Kuku ameisha.

Naomba kuwaaga kidogo, dereva kafika na kadi nne za Bagamoyo. Moja imeandikwa "usihangaike nayo".

#41 Theluji ya Toronto

Anza na hiyo.

#42 Kikwajuni

Kabla hujazama, kipindi cha bibi wa Pangani kinarushwa lini? Nataka kukitazama na mama.

#43 Mtoto wa Buzuruga

Kilisharushwa mkuu, Jumapili moja ambayo umeme ulikatika Pangani mchana kutwa. Yeye mwenyewe hakukiona. Nilimpelekea kwenye fleshi baadaye, mjukuu akamwekea kwa jirani mwenye runinga.

#44 Kikwajuni

Akasemaje?

#45 Mtoto wa Buzuruga

Kaniuliza mbona tumemkata mbuzi.